Saratani ya mlango wa kizazi: tunapolinganisha nchi na nchi, tunalinganisha nini hasa?

Mleta uzi:

Kila takwimu mpya za saratani zinapotoka, jedwali ni lile lile: Eswatini juu kabisa kwa saratani ya mlango wa kizazi, ikifuatwa na Zambia, Malawi, Zimbabwe na Tanzania, na chini kabisa nchi za Ulaya Kaskazini, Australia na, jambo ambalo wengi hawalitazami, nchi kadhaa za Kiarabu. Maoni yanayofuata huwa mepesi: walio juu ni maskini, walio chini ni matajiri, na mjadala umefungwa. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini jedwali hilo likisomwa kwa makini linasema jambo jingine, tena lenye manufaa zaidi kwa nchi zisizo na fedha nyingi.

Kwanza ukubwa wa tatizo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na karibu 350,000 walifariki. Kiwango cha dunia ni kama wagonjwa wapya 14 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Eswatini kiwango kinazidi 90, Tanzania kinazidi 60, Kenya ni karibu nusu ya Tanzania, na Australia ni kama 6. Shirika la Afya Duniani limechora mstari kwenye 4: nchi ikishuka chini ya hapo, ugonjwa huhesabiwa kuwa umetokomezwa kama tatizo la afya ya jamii.

Sasa tazameni Iraq na Saudi Arabia. Kwa makadirio hayo hayo zote mbili ziko chini ya mstari huo, ilhali Australia, ambayo imekuwa na mpango wa taifa wa upimaji tangu 1991 na chanjo tangu 2007, bado haijaufikia. Je, tuseme Iraq ina huduma bora kuliko Australia? Hakuna atakayethubutu. Kiwango cha ugonjwa ni zao la mambo mawili: kwanza, ni wanawake wangapi wanaoambukizwa virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha saratani hii, hasa aina ya 16 na ya 18, na maambukizi hayo yakakaa mwilini kwa miaka mingi; pili, ni mabadiliko mangapi ya awali yanayonaswa na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Mahali ambapo virusi hivi vimesambaa kidogo, kiwango huwa kidogo hata kama hakuna mtu anayepimwa. Kwa hiyo nafasi ya nchi kwenye jedwali haipimi huduma yake peke yake.

Kusini na Mashariki mwa Afrika kuna jambo la tatu, nalo ni VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita hivi ya kupata saratani hii kuliko asiye navyo, kwa kuwa kinga iliyodhoofika inashindwa kuviondoa virusi vya HPV. Uchambuzi wa takwimu za 2018 ulionyesha kuwa duniani kote wagonjwa wa saratani hii wanaoishi na VVU walikuwa chini ya asilimia 6, lakini Kusini mwa Afrika walikuwa karibu asilimia 64 na Afrika Mashariki asilimia 27. Kuilinganisha Eswatini na Finland bila kutaja jambo hili ni kuilaumu nchi kwa kosa ambalo si la kliniki zake za upimaji.

Ulinganisho ninaouamini ni ule wa majirani wanaofanana. Nchi tano za Ulaya Kaskazini zinafanana kwa utajiri, kwa hospitali na kwa uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu, na kipimo kilikuwa kile kile cha Pap, yaani kukwangua seli za mlango wa kizazi na kuzitazama kwa hadubini. Kati ya 1965 na 1982 vifo vya ugonjwa huu vilishuka kwa asilimia 80 Iceland, 50 Finland, 34 Sweden, 25 Denmark, na 10 tu Norway. Wanawake wa Norway walikuwa wakipimwa, na vipimo vilivyofanywa havikuwa vichache. Tofauti ni kwamba Iceland na Finland zilianza mapema miaka ya 1960 kumwita kila mwanamke wa umri unaohusika, kwa jina, kutoka kwenye daftari la wakazi, ilhali Norway, isipokuwa eneo dogo la majaribio, iliuacha upimaji uwe jambo la mwanamke na daktari wake hadi mpango wa taifa ulipoanza mwaka 1995.

Barua ya Finland ilikuwa kitu cha kawaida sana. Ilikuja na jina la mwanamke, kituo cha kwenda na kwa kawaida siku na saa aliyopangiwa, kwa hiyo asiyetaka ndiye aliyelazimika kuahirisha. Alianza kuitwa akiwa na miaka 30 na kuendelea kila baada ya miaka mitano hadi 60, yaani mara saba katika maisha yake yote. Ujerumani, kuanzia 1971, ilimpa mwanamke haki ya kupimwa kila mwaka, lakini haikumwita; barua za mwaliko zilianza kutumwa mwaka 2020. Mjerumani mwangalifu angeweza kupimwa zaidi ya mara 40, na mwenzake wa mtaa huo huo asipimwe hata mara moja. Kiwango cha ugonjwa Ujerumani kimebaki juu ya kile cha Finland licha ya wingi huo wa vipimo.

Uingereza inaonyesha jambo hilo hilo ndani ya nchi moja. Upimaji ulianza katikati ya miaka ya 1960 bila utaratibu wa kuita, na kwa zaidi ya miaka 20 wagonjwa hawakupungua kwa namna ya kuridhisha. Mwaka 1988 ilianzishwa orodha ya majina kwenye kompyuta na wito wa marudio, na sehemu ya wanawake waliopimwa England ikapanda kutoka asilimia 42 mwaka huo hadi 85 mwaka 1994. Ndipo wagonjwa walipoanza kupungua kwa kasi. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni nani aliyekuja.

Ninawaalika wenye maoni tofauti.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, nakubaliana nawe kuhusu Ulaya Kaskazini, lakini naona umezipokea takwimu za jedwali kama vile zimehesabiwa mtu mmoja mmoja. Nafanya kazi na kumbukumbu za saratani, na ningependa wasomaji wajue namba hizi zinavyopatikana.

Nchi kama Finland, Sweden na Denmark zina sajili inayokusanya kila mgonjwa wa saratani nchi nzima, na inamfuatilia hadi kifo. Nchi nyingi za Afrika zina sajili za mji mmoja au eneo moja: Kampala imekuwa nayo tangu miaka ya 1950, na zipo Harare, Nairobi, Blantyre na kwingineko. Kutoka kwenye sajili hizo hukadiriwa kiwango cha nchi nzima, na pasipokuwa na sajili kabisa hutumika za majirani. Makadirio haya yanaheshimika, na mimi sitaki yadharauliwe, lakini mtu anayegombania nafasi ya tatu na ya nne kati ya nchi mbili zenye tofauti ya wagonjwa watatu kwa 100,000 anagombania kitu kisichokuwepo.

Tena viwango hivyo vimesawazishwa kwa umri. Nchi yenye vijana wengi ina wanawake wachache walio katika umri wa saratani, kwa hiyo ukigawanya tu wagonjwa kwa idadi ya wanawake utapata namba ndogo inayodanganya. Kwa Tanzania kiwango ghafi ni karibu nusu ya kile kilichosawazishwa. Ukiona mtu ameweka kiwango ghafi cha nchi moja karibu na kiwango kilichosawazishwa cha nyingine, na hili hutokea sana hata kwenye magazeti, funga ukurasa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliwazi. Mwanamke aliyeondolewa kizazi pamoja na mlango wake hawezi tena kupata saratani ya mlango wa kizazi, lakini bado anahesabiwa kati ya wale 100,000. Marekani upasuaji huo ni wa kawaida, na watafiti walipowaondoa wanawake hao kwenye hesabu za vifo vya miaka ya 2000 hadi 2012, kiwango kwa wanawake weusi kilipanda kutoka 5.7 hadi 10.1, na kwa wanawake weupe kutoka 3.2 hadi 4.7. Pengo kati ya makundi hayo mawili lilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Basi nchi yenye upasuaji mwingi wa aina hiyo huonekana salama kuliko ilivyo ikilinganishwa na nchi ambako upasuaji huo ni nadra.

Mleta uzi:

Nashukuru kwa ufafanuzi huo, na naongeza mmoja unaotokana nao. Takwimu za upimaji wenyewe ni dhaifu kuliko za ugonjwa. Makadirio ya 2019 yalionyesha kuwa kati ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 duniani, asilimia 36 walikuwa wamewahi kupimwa angalau mara moja. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 84, na katika nchi za kipato cha chini kama asilimia 11. Lakini kwa nchi nyingi maskini namba hizo zinatoka kwenye tafiti za kaya, ambapo mwanamke huulizwa kama amewahi kupimwa, na aliyewahi kuchunguzwa ukeni kwa sababu nyingine yoyote anaweza kujibu ndiyo kwa nia njema kabisa. Finland wanaohesabiwa ni walioitikia barua, na matokeo yao yamo kwenye faili. Kuwahi kupimwa na kupimwa kwa wakati ni mambo mawili tofauti, na jedwali huyaweka safu moja.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuuliza, tena kwa uchungu kidogo. Nchi nyingi zilizo juu ya jedwali zimekuwa zikipima kwa siki kwa miaka mingi. Zambia ilianza mpango wake mwaka 2006 kwa kutumia wauguzi katika kliniki zilizokuwa pamoja na huduma za VVU, na mpango huo umesifiwa kila mahali. Kwa nini basi viwango havijashuka kama vilivyoshuka Finland? Je, kipimo cha siki ni kipimo cha maskini kisichofanya kazi?

Mleta uzi:

Swali ni zuri na jibu lake halipendezi pande zote mbili. Kwa wasiokifahamu: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anatazama kwa taa. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, ukingo wake ukionekana wazi dhidi ya nyama ya waridi inayoizunguka. Jibu linapatikana papo hapo, na mara nyingi tiba mgando (kuzigandisha seli hizo kwa baridi kali) au ya kuchoma kwa joto inaweza kutolewa siku ile ile, kabla mwanamke hajarudi nyumbani. Hakuna maabara, hakuna wiki za kusubiri. Kwa nchi yenye wanapatholojia, yaani madaktari wanaochunguza seli maabara, wachache hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea jicho. Weupe unaweza kuletwa na uvimbe wa kawaida, na wauguzi wawili wanaweza kuona vitu viwili kwenye mlango mmoja. Mwanamke akishavuka miaka 50, eneo ambalo saratani huanzia mara nyingi hurudi ndani ya njia ya kizazi, ambako jicho halifiki.

Majaribio makubwa ya India yanafundisha. Mumbai, wahudumu waliofunzwa walipima kwa siki kila baada ya miaka miwili, na vifo vya ugonjwa huu vikapungua kwa asilimia 31. Huko Osmanabad, jimbo la Maharashtra, zaidi ya wanawake 130,000 wa vijijini wenye miaka 30 hadi 59 waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipimwa HPV mara moja tu, jingine Pap mara moja, jingine siki mara moja, na la mwisho lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miaka minane vifo katika kundi la HPV vilikuwa karibu nusu ya vile vya kundi la huduma ya kawaida. Kwa Pap na kwa siki hakukuwa na punguzo ambalo watafiti wangeweza kuliamini. Kwa hiyo siki inafanya kazi pale inaporudiwa na pale mikono inayoitumia inaposimamiwa. Ikipakwa mara moja kwenye kampeni ya wikiendi, mahema yakakunjwa na watu wakaondoka, sioni sababu ya kutegemea jedwali litikisike.

Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 30 na kurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wengine huliona pendekezo hilo kuwa anasa. Mimi naona kinyume chake: nchi yenye uwezo wa kumfikia mwanamke mara mbili tu maishani inahitaji kipimo ambacho mara hizo mbili zinatosha, na Pap haikuwahi kuwa kipimo hicho. Australia yenyewe iliacha Pap ya kila miaka miwili mwezi Desemba 2017 ikahamia HPV ya kila miaka mitano.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nadhani mjadala wa vipimo utapitwa na wakati. Chanjo ipo, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa wasichana, baada ya ushahidi ambao sehemu yake ilitoka Kenya na Tanzania. Kwa nini nchi maskini zijenge maabara za kupima wakati zinaweza kumchanja kila msichana na kumaliza kazi?

Mleta uzi:

Chanjo ninaiunga mkono bila kusita, na matokeo yake ni ya kushangaza. England, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 wamepata saratani hii kwa asilimia 87 pungufu kuliko wale wa kabla ya chanjo. Sweden, waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 88. Scotland, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 haukupata mgonjwa hata mmoja kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na umri huo wa miaka 12 au 13.

Lakini mwanamke ambaye leo ana miaka 38 hakuchanjwa, na kwa sehemu kubwa chanjo haiwezi kuyaondoa maambukizi aliyonayo tayari. Yeye na wenzake ndio watakaolijaza jedwali kwa miaka 30 ijayo. Kwao hakuna njia nyingine zaidi ya kupimwa na kutibiwa. Nchi ikifunga maabara leo kwa kuitegemea chanjo, inakuwa imewaacha hao.

Chanjo yenyewe nayo si kitu cha kukihesabu kabla hakijafika mkononi. Japani ilikuwa na wasichana wapatao asilimia 70 waliochanjwa katika miaka ya kwanza, kisha mwezi Juni 2013 wizara ikaacha kuipendekeza chanjo kwa nguvu kutokana na habari za madhara zilizoenea, na waliochanjwa wakashuka chini ya asilimia 1. Pendekezo lilirudishwa Aprili 2022. Wasichana wa miaka hiyo tisa sasa ni wanawake, katika nchi ambako wanawake walio wengi hawapimwi kwa wakati. Utajiri wa Japani haukuwakinga.

Mchangiaji wa nne:

Mnazungumzia kuita, lakini kuna wanawake ambao barua huwafikia na bado hawaendi, kwa sababu hawataki kuvuliwa na kutazamwa na mtu wasiyemjua. Hilo mmelipita haraka.

Mleta uzi:

Ni kweli tumelipita, na hapa ndipo naona kipimo cha HPV kina faida ambayo Pap na siki hazitaweza kuwa nayo: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, akiwa amejifungia, bila kifaa cha kupanua uke na bila mtu mwingine chumbani. Kirusi hutafutwa kwa vinasaba, kwa hiyo si lazima seli zitoke kwenye mlango wenyewe. Australia imemruhusu kila mwanamke anayestahili kupimwa achague njia hiyo tangu Julai 2022, na Uholanzi hutuma vifaa hivyo hadi nyumbani.

Hata hivyo, atakayekutwa na HPV lazima achunguzwe na mtu mwingine, na hapo ndipo wengi hupotea. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2030 lina namba tatu: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya wenye tatizo watibiwe. Wanasiasa huzitangaza mbili za kwanza. Ya tatu haina picha nzuri ya kupiga, kwa sababu ni kazi ya kupiga simu, kumtafuta mtu aliyehama, na kuhakikisha mashine ya tiba mgando ina gesi siku anapofika. Katika kulinganisha nchi ningeitazama hiyo kwanza, na ni nadra sana kuikuta kwenye jedwali lolote.

Mchangiaji wa kwanza:

Nikuulize mwishoni: kama ungepewa nchi moja ya kuifuatilia kwa miaka kumi, ungechagua ipi?

Mleta uzi:

Rwanda. Ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika, na tangu mwanzo iliwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Kisha ikatangaza kuwa inataka kufikia malengo yale matatu mwaka 2027, miaka mitatu kabla ya wakati uliopangwa. Wasichana wa kwanza waliochanjwa sasa wana miaka 26 hivi, na wamekaribia umri wa kupimwa. Kiwango cha jumla cha nchi hakitabadilika sana kwa muda mrefu, kwa sababu wagonjwa wengi ni wa umri wa mama zao, na nina hakika mtu ataliangalia jedwali akasema chanjo haikusaidia. Mimi nitatazama safu ya walio chini ya miaka 35 peke yake, mwaka hadi mwaka, pamoja na idadi ya wanawake wa miaka 40 waliokutwa na HPV na kupata tiba.

Mchangiaji wa kwanza:

Basi tegemea sajili iweze kuandika umri wa kila mgonjwa bila kukosea. Huko ndiko tunakofanyia kazi.